Mtu wa Chaneli ya Sitini

4 Machi

Dada, shikamoo.

Mama amesema leo asubuhi kwamba amemwona marehemu baba kwenye chaneli ya sitini, ameketi, ametupa mgongo. Mimi naona chengachenga, ila ndani yake kweli kuna kiti.

Hatujambo, mama anakula vizuri. Ila chaneli zote zina madoa. Majirani wananiambia, "Mwambie dada yako fundi atuoshee picha!" Simu yako haishiki humo kazini, kwa hiyo nampa barua dereva wa gari lenu la kebo.

Mdogo wako

7 Machi

Marahaba, mdogo wangu. Mimi mzima, mafua tu. Chumba cha mitambo kina baridi.

Madoa ni kosa langu. Transmita hugeuza mawimbi ya televisheni kuwa mwanga wa kupita kwenye nyaya za faiba. Ukiilisha kupita kiasi, inalemewa, picha zinachafuka. Mita ikichomekwa kwenye tundu lake la kupimia, nguvu ya mawimbi husomeka desibeli ishirini pungufu ya ile inayoingia. Nilisahau kuzijumlisha, nikadhani mawimbi ni hafifu, nikayaongeza. Nimeyashusha.

Sitini ni tupu. Hatuweki kitu pale, na mita haioni kitu.

Dada yako

12 Machi

Shikamoo dada. Mafua yamepoa?

Picha zimetakata. Sitini imetakata kuliko zote. Kuna makabati ya mitambo, na kiti kilichochanika mgongo, kimefungwa waya mwekundu. Baba amekikalia. Mbele yake mwanamke ameinamia transmita, anapiga chafya. Dada, ni wewe.

Mama ameacha kula. Anasema, "Binti gani huyu asiyemwamkia baba yake?" Nikamwambia, "Mama, baba tulimzika." Akanijibu, "Wewe ulimzika. Huyu hakuja."

Chomoa hicho kitu, tafadhali.

Mdogo wako

16 Machi

Marahaba. Mafua yameisha. Mama ameonja hata uji?

Kiti hicho kiko nyuma yangu ninapoandika. Kamera hatuna humu. Jana mchana nilichomoa waya unaoingiza mawimbi kwenye transmita. Bosi alinifokea mpaka nikaurudisha. Niambie mliona nini.

Dada yako

19 Machi

Dada, shikamoo. Sisi si wazima.

Ulipochomoa, chaneli zote zilizimika. Sitini ilibaki. Baba alisimama, akakusogelea. Yupo hapo mpaka leo, ameshika egemeo la kiti unachokalia wewe. Mama hanyanyuki kwenye zulia mbele ya televisheni. Daktari amesema asipokula hatuna naye muda. Yeye anasema atakula ukishamwamkia baba.

Mdogo wako

21 Machi

Marahaba, mdogo wangu.

Siku ya mazishi ya baba nilikuwa kwenye zamu, na ruhusa sikuiomba. Mwambie mama hivyo hivyo.

Tangu nilipochomoa ule waya kiti changu hakisogei nikikivuta. Mita bado haioni kitu. Sijageuka.

Jumamosi saa tisa alasiri mwinue mama, muwashe sitini, uji uwe mezani. Saa hiyo nitaweka mita chini, nigeuke, nimwamkie.

Dada yako