Hamadi Amekubali Kosa

Dada Saada,

Nakusalimu kutoka Birmingham, mvua haikatiki tangu Jumatatu. Jana kwa shangazi, hapa Kings Heath, wali wa nazi ulipoa mezani. Mwanawe Hamadi, aliyeshikwa Italia, alipiga simu kusema amekiri wizi ili apunguziwe kifungo.

"Si uliniapia hukuiba?" shangazi akamwuliza.

"Sikuiba, mama. Lakini wakili anasema huku nako wameiga Wamarekani, mshtakiwa anapatana na mwendesha mashtaka. Nikibisha na nikashindwa, nitafungwa miaka mingi zaidi."

Shangazi alinikabidhi simu, akageukia dirishani akijifuta machozi.

"Mama analia?" Hamadi akaniuliza.

Nikamwambia halii.

Mwombee dua, dada, na wanao nibusie.

Nduguyo,
Mwanakheri