Serumu ya Manjano ya Tantine Bibiane

Jumatatu, 8 Julai

Mtoto aliyetoka Walungu ameomba biskuti! Asubuhi alifika hospitalini mgongoni kwa mama yake, macho yamezama. Ukifinya ngozi ya tumbo, inabaki imesimama kama kitambaa. Kuhara. Daktari akanigeukia: haya, stagiaire, daktari mwanafunzi, amua. Serumu ya Ringer, nikasema, itundikwe iingie mshipani. Maji, chumvi, potasiamu, kalsiamu, laktati — karibu yote ambayo mwili ule mdogo ulikuwa umemwaga. Mchana alikuwa amekaa, anadai biskuti ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Nikaenda kulia chooni. Kwa furaha. Ndivyo nilivyo.

Jioni nikasimulia yote mezani. Nilisimulia vizuri mno.

Jumanne, 9 Julai

Kosa! Tantine Bibiane, dada ya papa, yaani shangazi yangu, alisikia neno moja tu: serumu. Jumamosi binti yake Lydie anaolewa, na Tantine anataka kucheza toka kanisani mpaka kuche. Ameshamwona Mushagalusa, muuguzi jirani yetu hapa Nyalukemba, anayewatundikia watu serumu nyumbani. Lita nzima. Tena ya manjano — ile nyeupe, anasema, haina nguvu.

Manjano ni vitamini B tu. Inapaka rangi maji, halafu mkojo. Nimemweleza. Akacheka: basi hata mkojo utakuwa na nguvu.

Moyo wake ni dhaifu. Miguu inavimba. Kila asubuhi anameza kidonge cha kutoa maji mwilini, sasa anamwita mtu aje ayarudishe, na chumvi juu! Mapafu yakijaa, nani atacheza? Hilo sikuweza kulitamka. Nilisema "surcharge volémique", yaani maji kuzidi mishipani. Papa akauliza kama ni Kilatini.

Alhamisi, 11 Julai

Nimerudi nikakuta picha ya Moyo Mtakatifu imewekwa kitini. Kwetu hiyo ina maana moja: kuna mtu anahitaji msumari wake kutundikia serumu. Nilipougua malaria, Yesu alikaa kitini mpaka nikapona.

Chupa ilikuwa inaning'inia tayari, njano kama juisi ya nanasi. Mushagalusa anatafuta mshipa.

— Tonton Mushagalusa, ngoja!

Nikakimbia jikoni. Lita ya maji ya kunywa, gramu tisa za chumvi, yaani kijiko cha chai na nusu. Nikampa Tantine glasi.

— Onja. Ile chupa, ukiondoa rangi, iko hii.

Akanywa. Uso wote ukajikunja.

— Eeh, Maria! Hii si maji ya kuchemushia samaki sambaza?

— Na munganga wako wa hospitali alikukataza nini?

Akaitazama glasi. Kisha, polepole: chumvi. Akamgeukia Mushagalusa.

— Weye! Miye nakulaka majani ya sombe bila chumvi kama mbuzi, na weye unakuja kunitilia chumvi mu mukono?

— Maman, si weye uliniita?

— Nilikuita juu ya nguvu! Sikukuita juu ya chumvi!

Maskini, hakujua habari ya moyo. Tantine hakumwambia — hakuulizwa. Akakunja mipira yake ya serumu, akala nasi. Sombe bila chumvi!

Nilipokuwa namkanda Tantine miguu, maneno yalitoka yenyewe. Kwamba naogopa. Kwamba ni afadhali acheze wimbo mmoja Jumamosi, na mwingine siku ya ubatizo wa mjukuu. Akanishika kichwa.

Jumamosi, 13 Julai

Siku yenyewe! Vumbi la kiangazi, viatu kila mahali, Lydie anapakwa uso chumbani. Picha iko ukutani. Kidonge cha Tantine kimemezwa, nimeona kwa macho yangu. Uvimbe umepungua, vifundo vya miguu leo vimeonekana! Nimevaa kikwembe, kitenge cha sare ya familia, naandika nikiwa nimesimama.

Dakika hii Tantine amechungulia mlangoni, amejipamba kama malkia.

— Docteur, Mushagalusa anasema kuko serumu ya sukari. Haina chumvi hata kidogo.

— Tantine! Iko maji vilevile!

— Nauliza tu.

Ameondoka akiimba. Sasa nasikia kiti kinavutwa sebuleni. Ama anafungua nafasi ajizoeze kucheza, ama anapanda kumshusha Yesu.