Mswala wa Mama Uliokunjwa

Wifi Jalila,

Mswala wa mama ulikaa umekunjwa siku tatu, ndipo nikashtuka. Leo asubuhi nilimuuliza, akacheka: "Hedhi imenirudia, mwanangu, ndiyo maana siswali. Nimekuwa kigori tena!" Na hedhi yake ilikuwa imekatika miaka sita.

Sikucheka. Nimemwonyesha nesi Dama hapo jirani vile vidonge vya homoni mama anavyomeza kupunguza joto la mwili tangu hedhi ikome. Anasema hiyo si hedhi. Vikimezwa peke yake, bila dawa ya pili, ukuta wa kizazi hunenepa na kutoa damu, na huenda ukageuka saratani. Apimwe leo leo. Tunavuka feri kwenda hospitali.

Mchuzi wa samaki upo, wali upike wewe. ~~Usimwambie baba.~~ Mwambie baba, lakini akishakula. Utuletee leso mbili safi.

Mnanitania kwamba sina ulimi. Wallahi, tangu kakako aende Qatar, ni mama tu anayenikalisha jikoni tukazungumza. Sijapata kumwambia yeye wala nyinyi: akiondoka, mimi humu ndani sina mtu.

Wifi yako,
Mwanatabu