Mama Mkwe, Siku Niliyokutangaza Umekufa

Mpendwa mama mkwe,

Miaka yote ulisimulia wewe, ukiongeza chumvi kutoka Bihambwe hadi Bweremana. Leo hupo, acha nisimulie mimi.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini. Nilikuwa munganga mpya, yaani muuguzi, kwenye dispansari ya Masisi, koti jeupe, kiburi tele. Uliletwa kwa kipoyi, machela ya kubebwa mabegani, malaria imekushika vibaya, binti yako Riziki akifuata nyuma. Nilikuwa nimeshamwona sokoni. Nilitaka anione kazini.

Nikakushika kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, panapodunda mshipa. Kimya. Mkono wa pili, kimya. Nikavua kofia.

"Dada, jikaze. Mama amekwisha kwenda."

Riziki akapiga yowe. Wewe ukafungua jicho moja.

"Nimekwenda wapi? Mi niko hapa, niko na kiu."

Ukanionyesha mwenyewe: mshipa wako ulipita upande wa nyuma wa kifundo. "Ni huku njo inapigaka."

Dokta wa dispansari alikuwa ameagiza kwinini ya mshipani. Nikakufunga mpira juu ya kiwiko, mshipa mnene ukajitokeza chini ya ngozi, mzuri mno. Sindano ilikuwa inakaribia nilipojiuliza: ikiwa ule wa kifundo umeshika njia yake, huu je? Nikaugusa. Unadunda! Haikuwa vena, ilikuwa ateri, ile inayopeleka damu vidoleni. Dawa ingeingia humo, ungepoteza mkono. Nikasimamisha sindano. Nikatafuta vena kwingine, nikaipapasa mara tatu.

"Unanichoma ao unanibembeleza?" ukauliza.

Nilipokuja kumposa Riziki, kaka zako walicheka. "Si njo ule mwenye alisema umekufa?"

"Njo yeye," ukajibu. "Alikosea mbele ya watu wote. Lakini mukono ilipomutia mashaka, alisimama. Wangapi wanasimamaka?"

Baadaye nilipofundisha waganga wachanga, ulikuja darasani bila kuitwa, ukawanyooshea mkono: "Mushike, mujionee." Sasa nawachorea ubaoni tu, na wananitazama kama mwongo.

Riziki ananicheka kwa kumwandikia mtu ambaye hata alipokuwa hai hakujua kusoma. Acha acheke. Kwa adabu ya mkwe sikuwahi kukutazama usoni sawasawa, mama, na watu walidhani ninakuogopa. Nilikuogopa kweli. Lakini tangu uondoke, ni mimi ninayelia nyumbani, na Riziki ndiye anayenibembeleza.

Pumzika vema.

Mkwe wako