Nimemficha Binti Yangu Maumivu ya Kifua

Mama Mshauri,

Nisikilize tafadhali, maana nimeficha neno ambalo sasa limenishinda. Anayeshika kalamu hii ni jirani yangu Kasyoka, kwa sababu vidole vyangu vimejipinda, nami nilikuwa msukaji wa viondo hapa Kanyangi na vyangu vilikuwa vinaisha sokoni kabla ya vya wengine. Ni miaka minne tangu vidole vya mikono yote miwili vianze kuvimba, kisha vifundo vya mikono, kisha magoti, na kila asubuhi naamka nimekakamaa mpaka saa nne hivi ndipo mwili unalegea, na kanisani wengine walisema ni uzee, nami nina miaka arobaini na moja, wengine wakasema ni uvivu, lakini hospitalini waliniambia ni baridi yabisi, kwamba mwili unajishambulia wenyewe, wakanipa vidonge.

Mume wangu Mutunga ni mpishi katika hoteli moja Mtito Andei na huja nyumbani mara moja kwa mwezi, kwa hiyo mikono yangu imekuwa binti yetu Mbula, ndiye ananifunga vifungo vya blauzi, ananichana nywele, anachota maji. Sasa Mbula ameitwa chuo cha ualimu, ataondoka mwezi ujao, wa kwanza katika ukoo wetu, nami nimefurahi hata nikalia. Lakini tangu mavuno kifua kinanibana, nikilala chali kinachoma kama kisu, nikiketi na kuinama mbele napata nafuu, na nikitembea kidogo tu pumzi inaniishia. Juzi daktari aliniuliza Mbula akiwa hapo, "Mama, na kifua? Unapumua vizuri?" Nikajibu, "Vizuri kabisa, daktari." Tukiwa njiani Mbula akaniuliza, "Mwaitu, mama yangu, mbona siku hizi unalala umeketi?" Nikamwambia mto umeisha pamba, na babake naye sijamwambia. Nilimdanganya kwa sababu naogopa ni moyo, na namjua mwanangu, akisikia hivyo hataenda chuoni. Je, ni vibaya nikinyamaza mpaka aondoke?

Kalondu, Kanyangi

Mama Mbula,

Pole sana. Nilisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nikakasirika. Ndiyo, ni vibaya! Umemwambia Kasyoka, umeniambia mimi, na sasa kila msomaji anajua. Wasiojua ni daktari, mume wako, na mtoto anayekuvalisha.

Nimemwuliza daktari ninayemwamini. Anasema ugonjwa wako hauishii kwenye viungo. Unaweza kufanya ngozi nyembamba inayofunika moyo ivimbe, maji yakajaa hapo, moyo ukakosa nafasi ya kupiga. Mara nyingi maumivu yake huzidi mtu akilala chali na kupungua akiinama mbele. Labda kwako ni kitu kingine, lakini ni lazima upimwe, na matibabu yapo. Ukingoja huo mwezi, Mbula anaweza kuitwa kutoka darasani aje kukuzika. Hiyo ndiyo zawadi unayomwandalia?

Jibu hili nimekutumia pia kwa posta, ili lisingoje gazeti. Ukilipata, usisubiri siku ya kliniki. Nenda hospitalini mara moja, mwambie daktari, "Nilikudanganya," kisha mweleze kila kitu. Vidonge umeze baada ya kula, na usiache wala kuongeza bila kumwuliza. Kasyoka awaombe kina mama wa kanisa wapeane zamu ya maji. Waliosema ni uvivu waanze wao.

Mpelekee Mutunga ujumbe leo kwa basi lolote linalopita Mtito Andei, aombe ruhusa aje. Mwanamume anayewapikia madereva wa malori hashindwi kumpikia mkewe uji na kumchana nywele.

Mwambie Mbula wakati babake ameketi hapo. Mpe maneno yote mawili kwa pamoja: kwamba unaumwa, na kwamba chuoni ataenda. Atalia, atasema anabaki. Mwache alie amalize, halafu babake ambebee sanduku mpaka kwenye basi.