Kiyoyozi cha Gari la Mwalimu

Muscat,
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, na goti lile halikusumbui sana asubuhi. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mzito. Barua nitampa Bi. Hadija, jirani yetu wa Mtendeni aliyekuja huku kumwona mwanawe, maana anarudi Tabora wiki hii. Simu tumeshaijaribu. Uliponiuliza habari ya gari nilinyamaza, ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika, Baba. Nilikuwa nalia.

Shauri lenyewe nimelielewa. Fundi Rajabu anasema gari la umri ule halikuzaliwa na kiyoyozi. Kikiwashwa, injini inachemsha. Hata kikizimwa, ile rejeta yake iliyofungwa mbele inaziba upepo wa rejeta ya injini. Anataka aking'oe, gari libaki kama lilivyotoka kiwandani. Kaka Elia anakataa, anataka kulikodisha, kwa kuwa watu wa harusi siku hizi wanayapenda magari ya zamani, na bibi harusi hataki kutoka jasho akiwa amepambwa. Wewe uko katikati yao. Ukasema unataka neno langu, kwa sababu siku ile mimi ndiye niliyekaa kiti cha nyuma na Mama.

Kwanza nikupe habari ya hapa. Bibi niliyekuwa nikimuuguza, Bi. Zuwena, amefariki. Nilikwambia kwamba alizaliwa Tabora, akaletwa huku akiwa msichana. Kiswahili chake kilikuwa cha mjini kwetu kabisa. Kila asubuhi aliniuliza kama treni bado inapiga honi ikikaribia stesheni, utadhani nimetoka huko jana. Chumba chake kilikuwa na baridi mchana na usiku, mtungi wa oksijeni kando ya kitanda, daktari akiitwa anafika. Hakukosa kitu. Na bado pumzi zilimwishia, wanawe wote wamesimama pale. Mwanawe mkubwa alishika rimoti ya kiyoyozi, anapandisha baridi, anashusha, anapandisha tena, mpaka nikamwambia taratibu, "Kaka, acha. Njoo umshike mkono." Akaiweka chini akaja.

Nilipomwona mtu yule nilikuona wewe. Ndipo nikajua lazima nikuandikie.

Daktari alisema vumbi ndilo adui wa kifua cha Mama. Ukamtafuta fundi akafunga kiyoyozi kwenye gari ambalo ulilinunua likiwa tayari na umri kunizidi mimi. Watu wa kijijini kwetu Ipole wakasema mwalimu amejiona mkubwa. Hukuwajali. Ulipandisha vioo ukampeleka Mama hospitali Tabora na kumrudisha, miaka yote ile, lami ikiwa bado haijafika, malori ya tumbaku yanatimua vumbi mpaka mtu haoni mbele.

Safari ya mwisho, tulipokwisha kuipita Sikonge, injini ikachemsha. Ulizima kila kitu, ukafungua boneti, ukachukua dumu ukaenda kuomba maji kwenye nyumba zilizokuwa mbali na barabara. Uliporudi ulikuta kioo cha Mama kiko chini na vumbi limemkaa hadi kwenye kope. Ulimimina maji, tukaendelea mpaka hospitali. Akalazwa, na kabla juma halijaisha tukamrudisha Ipole kumzika. Tangu hapo unaamini kuwa kiyoyozi kilichemsha gari, na kwamba ulipokizima ndipo ulipomfungulia vumbi lililommaliza. Wakati wa matanga nilijaribu kukueleza, lakini hukuwa mtu wa kusikia. Naomba unisikie sasa.

Mama ndiye aliyetaka kioo kishushwe. Mimi nilikataa. Nilimwambia, "Mama, vumbi."

Akanijibu, "Neema, nimechoka kukaa kama samaki ndani ya friji. Shusha nione watu."

Nikashusha. Walikuwa wanapita akina mama waliotoka kuokota kuni. Akawaamkia kwa Kinyamwezi, wakasimama, wakaulizana habari za mvua na za asali. Mmoja alikuwa na mbula, yale matunda ya porini, kwenye kanga akampa. Mama akawa anazinusa tu, hakula. Alicheka, Baba, na mimi nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mavuno. Lori likapita, vumbi likatufunika sote. Akakohoa sana, akajifuta macho, akaendelea na maneno yake. Wale akina mama walipoondoka alikuona kwa mbali unakuja na dumu begani, umelowa. Akasema, "Mwangalie baba yako. Hajawahi kunichoka."

Ndivyo ilivyokuwa. Sijaongeza wala sijapunguza.

Kwa hiyo neno langu ni hili: king'olewe. Si kwa sababu kilimuua Mama. Hakikumuua, kama vile baridi yote ya nyumba hii haikumwokoa Bi. Zuwena. Kilifanya kazi uliyokipa, na kazi hiyo imekwisha. Kaka Elia mwambie kwamba safari ya bibi harusi ni fupi, kutoka kanisani mpaka ukumbini; wasimamizi watampepea. Wewe safari yako ni ndefu. Tangu uhamie mjini hujafika Ipole hata mara moja, na kila tukikuuliza unasema gari litachemsha njiani. Barabara sasa ni lami, na fundi amekuahidi kuwa injini ikipata upepo wake itafika. Nenda, Baba.

Mimi sitakuja mwaka huu. Familia hii imeniomba nimuuguze shangazi yao, na mkataba wangu haujaisha. Kitanda cha Bi. Zuwena kimeshatolewa, lakini asubuhi bado nakuta nimeshika njia ya chumbani kwake na kikombe cha maziwa mkononi.

Nisalimie Kaka Elia, umwambie asininunie. Msalimie mkewe, mama wa wale mapacha. Shangazi Monika, dada yako anayekupikia, mwambie kitenge chake anacho Bi. Hadija. Mzee wa kanisa aliyetuombea msibani naye mpe salamu zangu. Na Mama, ukifika kwake, usimwombe msamaha. Msalimie tu.

Ni mimi binti yako,
Neema