Kitendawili cha mjomba Amiri

Moza, leo mjomba Amiri amenitegulia kile kitendawili chake. Kile cha "Nilipopiga kelele aliishi, niliponyamaza akafa." Shoga! Ni gari lake!

Mwaka 1955, akiwa fundi wa magari Nachingwea, alilifungia bomba pana la moshi, bila sailensa ya kupunguza kelele, lipate mbio. Likiwa bado mbali, huko Marambo, kijijini kwetu linasikika.

Mama yake, bibi yangu Sabaha, akamwambia, "Amiri baba, gari linalia kama fisi. Majirani wananicheka."

Basi akachagua bomba jembamba, akafunga sailensa mbili. Likanyamaza kabisa. Akaja nalo mbio kumwonyesha mama.

Unakumbuka watu walivyoanika makopa ya muhogo barabarani, wakisikia gari ndipo wanayazoa? Bibi alikuwa ameinama anageuza makopa yake, kona ameipa mgongo. Hakusikia. Moza, hakusikia!

Na sisi tuliambiwa alianguka.

Amiri akampakata palepale. Bibi akamwambia, "Sasa limetulia, baba." Basi, akakata roho.

Miaka yote nikishindwa nampa mji, anacheka tu, hanitegulii. Leo nikampa Ruangwa nzima.

Akasema, "Sitaki mji, mwanangu. Nirudishie zile kelele."